Kingereza cha Kupokea Wakwe

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi wakwe wanashuka na bateau pale bandari ya Kalundu, kutoka Zambia. Wanakuja kumuomba mjukuu wangu Uwacu. Kiswahili hawajui. Mdogo wangu Gakunzi anataka kuwa musemaji. Eti iko na diplome! Miye niko na sauti. Nimetangaza nitawapokea kwa Kingereza. Wote wakainamisha vichwa. Heshima!

Jumanne, 4 Juni
Uwacu amenifundisha neno moja: strong. Ni kitu chenye nguvu. Chai iliyokolea, strong. Upepo wa ziwa, strong. Nikaongeza mwenyewe: mvua strong. Akasema hapana babu, mvua Waingereza wanaiita nzito, heavy. Nikamuuliza waliipima na kilo gani. Mvua iliyobomoa jikoni yangu ilikuwa strong. Hawakuwepo!

Alhamisi, 6 Juni
Gakunzi ananicheka. Eti kaka, na neno moja utafika wapi? Nikamjibu: na weye, na maneno yako yote, mbona hata ng'ombe wako hawakusikii? Muke wangu alicheka mpaka akamwaga maziwa. Ushindi. Uwacu peke yake hakucheka. Amenisihi nisimuharibie. Mchumba wake amemngoja miaka miwili.

Jumamosi, 8 Juni
Wamefika, suti tupu. Desturi yetu, musemaji anakataa kwanza. Hatuwajui, binti hatuna, rudini. Wageni wanabembeleza, watu wanacheka, vinywaji vinatoka. Nikasimama. Fimbo chini, pa! Strong no! Mara tatu. Nikaonyesha mlango: strong go! Gakunzi akataka kuwaeleza. Nikamkalisha, musemaji ni mmoja.
Wakaangaliana. Wakasimama. Wakaenda kweli! Na zawadi zao!
Uwacu akatoka chumbani analia, akawafuata bila viatu. Gakunzi akarukia pikipiki. Akawakuta bandarini wanauliza bateau ya kurudi, akawaeleza desturi. Wamerudi. Vinywaji vilikuwa vimepata moto.

Jumapili, 9 Juni
Posa imekubaliwa. Wanamshukuru Gakunzi. Wananionea wivu! Baba mukwe mwenyewe amekiri kwamba tangu azaliwe hajakataliwa vile. Uwacu amenishika mikono yote miwili, akaniomba siku ya arusi nikae mbele kabisa, nisiseme hata neno. Mtoto ana aibu tu, anataka nimlazimishe anipe nafasi ya kutoa baraka.
Baada ya misa nimemuuliza mwalimu Félicité neno lingine. Deep, ni kitu chenye kina. Amesema linakwenda vizuri na ziwa, na usingizi, na huzuni. Nitawatakia maharusi vyote vitatu.