Kiti Kimoja cha Taa za Kisiwani

Jumatatu, 3 Machi

Wanafunga pazia! Jumamosi hii hii. Taa za Kisiwani, tamthilia ya muziki iliyochezwa miaka ishirini na minne katika ukumbi uleule hapa London, na hakuna aliyeona haja ya kunijulisha. Mke wangu Avril kanisomea gazetini wakati wa kifungua kinywa. Nikauliza kwa nini wananchi wanashtukizwa hivi. Akasema ilitangazwa Novemba. Novemba nilikuwa na mambo ya bomba la jikoni.

Miaka yote hiyo ameomba twende. Miaka yote hiyo nimempa jibu la busara: kutoka hapa kwetu Catford ni nusu saa kwa treni, ukumbi hauna miguu, tuwaachie watalii kwanza. Leo kaweka kijiko chini na kusema Jumamosi mchana atakuwa ndani ya ukumbi huo, na mimi au na kaka yake Roland. Roland! Daktari wa meno mstaafu. Ameiona mara kumi na moja, na huitaja hiyo kumi na moja kama askari anayetaja medali zake.

Atakwenda na mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga simu ukumbini. Dakika thelathini na nane za kusubiri, huku wakinipigia wimbo wa tamthilia yenyewe, ubeti mmoja tu, tena na tena. Hatimaye binti akapokea na kusema tiketi zimekwisha zote, mzee, hadi za kusimama. Nikamweleza kwamba mimi ni mkazi wa London. Akasema wapo milioni tisa. Nikaomba kuongea na msimamizi wake. Ati msimamizi ni yeye.

Adabu zimekwenda wapi?

Jumatano, 5 Machi

Mpango mzuri, umeharibiwa na mtu mmoja. Nilikuwa mkaguzi wa maegesho wa halmashauri kwa miaka thelathini na moja. Koti la manjano linalong'aa bado ninalo, na ubao wa kuandikia. Nikaenda mlango wa nyuma, wanakoingilia waigizaji, nikamwambia bawabu nimekuja kukagua milango ya kutokea. Nia yangu ilikuwa nifike kwa meneja, nimweleze hali yangu kiungwana.

Bawabu akanipitisha ndani. Akasema kwa heshima zote, “Milango ya kutokea, mzee wangu? Karibu, nikuonyeshe mmoja.” Akanionyesha. Nikajikuta mtaani, upande wa pili wa jengo, na mlango ule hauna kitasa kwa nje. Jambo ambalo mkaguzi halisi angeliandika.

Alhamisi, 6 Machi

Roland kapiga simu. Ana tiketi mbili za Jumamosi mchana. Rafiki yake kavunjika kifundo cha mguu. Anamkaribisha dada yake, bure. Avril alikuwa bafuni. Nikajibu kwa niaba yake kwamba tunashukuru, lakini sisi tayari tunazo.

Roland akauliza tutakaa safu gani. Nikasema nzuri.

Avril kapeleka gauni lake la kijani kwa dobi. Anaimba ngazini. Sasa lazima zipatikane mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa mezani jikoni, saa kumi na mbili na nusu jioni.

Nilimwambia anikute ukumbini saa nane. Mwenyewe nilifika saa moja na dakika kumi asubuhi, kwenye foleni ya tiketi zinazorudishwa na watu waliopatwa na udhuru. Nilidhani nitakuwa wa kwanza. Nilikuwa wa sita. Foleni ile inatawaliwa na Bi Gwendolyn Askew, bibi wa mtaa wa Penge mwenye kiti cha kukunja na daftari la majina. Hataki tiketi yoyote ila ya safu ya mbele, onyesho la jioni, kwa hiyo anashinda pale siku nzima akiwahukumu wenzake.

Saa tatu nilikwenda kununua mkate wa nyama. Dakika tisa! Niliacha kofia yangu mahali pangu. Niliporudi, Bi Askew alikuwa ameshanifuta. Akatamka mbele ya wote kwamba kofia si mtu. Kutoka wa sita nikawa wa kumi na mmoja. Nikamuuliza amepewa mamlaka na nani. Watu kumi wakasema kwa pamoja, “Na sisi.”

Saa nane Avril akafika na gauni la kijani na hereni za mama yake. Akauliza mbona nimesimama na watu wasio na tiketi. Kabla sijajibu, Roland akapita kuelekea mlangoni. “Shemeji! Mbona uko nje kama baiskeli?”

Saa nane na robo dirisha la tiketi likatoa moja. Waliobaki mbele yangu walitaka mbili mbili. Nikaikamata.

Hapo ndipo nilipomweleza Avril mpango ambao bado nauona wa haki. Nusu kwa nusu. Mimi niingie kwanza, niupime mchezo. Wakati wa mapumziko nitoke, yeye aingie. Bi Askew akasema katika miaka kumi na minane ya foleni hajapata kusikia kitu kama hicho. Nikachukulia ni sifa, nikaingia.

Kiti changu kilikuwa ubavuni mwa Roland. Tiketi ya yule mwenye kifundo! Roland alikuwa ameirudisha dirishani asubuhi. Yaani nimenunua nilichokataa bure. Roland akanong'ona, “Safu nzuri, eh?” Kisha akala peremende kumi na nne, akiimba chinichini kila wimbo na kunitangulizia yatakayotokea. Nikamkanya. Akanijibu. Bibi wa nyuma akatukanya wote wawili. Taa zikawaka: mapumziko.

Avril akaona nusu ya pili. Akatoka macho mekundu, kamshika kaka yake mkono. Akaniuliza kwa nini mlinzi wa mnara alikataa kuwasha taa usiku wa dhoruba. Watu walilia sana, naye hakujua sababu. Ilielezwa nusu ya kwanza.

Nikasema kanuni za kazi.

Roland alicheka mpaka akaegemea ukuta. Avril akaniomba nimsimulie nusu yangu, tangu mwanzo, taratibu. Nikamwambia kuhusu peremende.

Jumatatu, 10 Machi

Ulaghai! Gazeti la leo: kwa sababu ya umati wa wiki iliyopita, Taa za Kisiwani itaendelea wiki kumi na mbili zaidi, hadi Mei 31. Umati huo ni mimi! Wamenisimamisha barabarani muda wa saa saba kwa mwisho usio mwisho. Nimeanza barua.

Avril alikuwa na simu mkononi kabla sijamaliza aya ya kwanza. Anataka nusu yake ya kwanza. Nikamkataza asinunue. Aliyekudanganya kuhusu Machi atakudanganya kuhusu Mei. Hakunisikiliza. Kapata viti viwili, Alhamisi hii, katikati kabisa.

Nikasema basi, kwa ajili yake, nitakubali kwenda. Akasema cha pili ni cha Bi Askew. Walibadilishana namba pale nje, nilipokuwa ndani.

Waende. Mimi sina pupa. Nitakwenda Jumamosi ile ya mwisho kabisa, watu wakishapungua.