Kaseti ya Bei ya Friji

Habari iliingia kijiweni kwa simu ya Mkasi, kama zinavyoingia habari zote. Mkasi ni kinyozi, na siku wateja wakiadimika hukaa kwenye benchi la mbele ya ukumbi wa gemu akisoma mtandaoni mpaka kidole kichoke.

"Jamani, mmesikia hii? Imetoka mashine mpya ya gemu, ya kumbini, inatumia kaseti! Unanunua boksi mara moja tu. Ukichoka na gemu hii, unachomoa kaseti, unachomeka nyingine. Hamna tena kununua mashine nzima nzima."

Mwalimu, mstaafu asiyejua kustaafu kusahihisha watu, alishusha kikombe chake cha kahawa.

"Kaseti? Si ndizo zile tulizokuwa tunazipuliza vumbi mpaka mapafu yanauma?"

"Hizi hazipulizwi, Mwalimu. Ni za kisasa."

"Kitu cha zamani kikirudi na bei mpya ndiyo mnakiita cha kisasa."

"Bei ndiyo ngapi kwani?" aliuliza Taksi Bubu. Aliitwa hivyo kwa sababu gari lake halina honi. Yeye mwenyewe anaongea kwa niaba ya gari zima.

"Boksi lenyewe ni bei ya gari lako."

"Gari langu lilivyo, au likiwa zima?"

"Likiwa zima."

"Basi ni ghali."

"Subiri sasa. Kaseti, moja moja, kila moja bei ya friji! Tena friji jipya, la milango miwili."

"Afadhali friji linagandisha maji. Kaseti inagandisha nini?"

"Akili ya mnunuzi," alisema Mwalimu.

Benchi zima lilicheka, kasoro mwenye ukumbi. Huyo ni Kitufe, jina alilolipata ujanani kwa kubonyeza vitufe mpaka dole gumba likaota sugu. Alikuwa amekaa pembeni, anakoroga kahawa isiyo na sukari. Ndani ya ukumbi wake mashine mbili zilikuwa zimekufa na moja inahema: ile ya kimtu kidogo kinachokimbia na kuruka mashimo. Habari ya kaseti aliijua kabla ya Mkasi. Kibaya zaidi, alishaiamini.

"Kitufe, mbona umenywea hivyo?" Mkasi alimchokoza. "Umefiwa na mashine nyingine?"

"Nimeiagiza."

"Umeagiza nini?"

"Hiyo hiyo. Wakala anakuja sasa hivi kuchukua kianzio."

Kikombe cha Taksi Bubu kiliganda hewani. "Kianzio! Bwana wee, utakitoa wapi?"

Macho yalimsaliti Kitufe. Yalikwenda yenyewe mlangoni kwa ukumbi, kwenye friji la mkewe, shemeji wa kijiwe kizima, anayeuza humo maji na juisi baridi. Macho ya benchi zima yakafuata. Shemeji, aliyekuwa anapanga chupa, akainua kichwa.

"Mnaniangalia nini?"

"Tunaangalia maji, shemeji," alisema Mkasi haraka. "Yamepangika vizuri."

Ukweli ni kwamba Kitufe hakuwa amemwambia. Tangu juzi alikuwa anatafuta pa kuanzia, na kila akifungua mdomo mezani alijikuta anasifia mboga. Mkewe naye alishaanza kujiuliza mboga zile zina nini. Sasa alifunga mlango wa friji taratibu, akaegemea juu yake.

"Baba watoto, unataka kuuza friji langu?"

"Si kuuza... ni kuligeuza."

"Liwe nini?"

"Nusu ya kaseti," Mwalimu alisaidia.

"Mwalimu, nyamaza!" Kitufe alisimama. Haya hakuwa nayo tena. "Mama watoto, ukumbi unakufa. Nimefungua mlango huu tangu hatujaoana. Nikija asubuhi nikakuta kimya, naumwa kabisa, hapa, kifuani. Nisipoleta kitu kipya nitafunga. Na nikifunga, watu wataniita Kitufe cha nini?"

Mkasi alijikohoza, akatoa sarafu mfukoni. "Basi ngoja nikuungishe, ndugu yangu, usije ukalia mbele ya wateja." Akaingia ndani, akaitumbukiza.

Muziki ulipoanza tu, benchi likabaki tupu. Wote walimzunguka Mkasi kama wamemwajiri.

"Ruka! Ruka bwana!"

"Siyo sasa! We kinyozi, hivi ndivyo unavyonyoa watu?"

"Vuta mpini kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu!"

"Tatizo lake hana mpango," alieleza Mwalimu, mikono nyuma. "Shimo huonekana kabla ya kufikiwa."

Shemeji alimvuta mumewe mkono, wakasimama mlangoni. "Hebu waangalie. Anayecheza nani?"

"Mkasi."

"Anayefaidi nani?"

Kitufe alimtazama Mwalimu, aliyekuwa anatoka jasho la furaha. Katika miaka yote ya urafiki wao hakukumbuka kumwona akitumbukiza hata sarafu moja. Taksi Bubu naye kila siku huacha gari juani ili aje kufundisha kuruka.

"Sasa ukileta hiyo ya kaseti," aliendelea mkewe, "Mwalimu atatoa hela?"

Kitufe alifikiri, akaguna. "Atabadilisha ushauri tu."

Wakala alifika akiwa na viatu vinavyong'aa na karatasi zenye picha za rangi. Aliusifia ukumbi kwa kuutazama mara moja, kisha akauliza kwa adabu, "Mzee, una wateja wengi?"

"Unauliza wateja au watu?"

Wakala alidhani ni utani, akatabasamu.

"Ndugu yangu, mashine yako nzuri, sina neno," Kitufe alisema. "Ila ugonjwa wangu hautibiwi na kaseti. Pole kwa safari. Kunywa maji, shemeji yako atakuhudumia."

Wakala alikunywa, akalipa, akaondoka. Shemeji aliinua ile noti akawapungia nayo watu wa benchi, maana wakala ndiye mteja pekee aliyempata tangu asubuhi.

Kitufe aliingia ndani. Alikata boksi la juisi, akaandika kwa wino mweusi, akalining'iniza juu ya kioo cha mashine. Chini yake akaweka kopo tupu la maziwa. Taksi Bubu alisoma kwa sauti:

"KUCHEZA BURE. USHAURI UNALIPIWA."

"Hii nini sasa?" Mkasi alishangaa.

"Si unaona? Cheza mpaka uchoke. Atakayefungua mdomo nyuma yako, kopo hilo hapo."

"Udikteta!" Mwalimu alipandisha miwani. "Mtu alipie kusema? Mimi nimelipwa kusema maisha yangu yote! Hupati hata senti yangu."

"Wala yangu," alidakia Taksi Bubu. "Tutakaa kimya tuone utakula nini."

Kitufe alifungua kidroo cha mashine, akatoa ile sarafu ya Mkasi, akaitumbukiza upya. Kimtu kikaanza kukimbia. Wanaume walisimama wamefumba midomo, mikono wameikunja vifuani. Mkasi, kwa kukosa makelele aliyoyazoea, alikuwa anacheza vibaya kuliko siku zote.

Shimo la kwanza alilipita kwa bahati. La pili, kubwa, likajitokeza. Dole la Mkasi lilikuwa limesinzia. Mwalimu alihamisha uzito mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Shingo ilimtoka mishipa. Kimtu kilikimbia, shimo likasogea, Mkasi akajikuna sikio.

Sarafu ililia ndani ya kopo.

"RUKA, MJINGA WEWE, RUKAAA!"

Mkasi akaruka. Kitufe aligeuka kumtafuta mkewe, akamkuta anacheka peke yake juu ya friji lake. Mbele yake Taksi Bubu alishafika, noti mkononi, anaongea kwa sauti ya chini ili Mwalimu asisikie.

"Shemeji, una chenji? Nina mengi ya kusema."