Funza wa Jicho la Guelor

Vumbi la Ruashi, mtaa wa migodi, halibagui. Humwingia mchimbaji, humwingia muuza nyanya, humwingia hata mchungaji akiwa katikati ya maombi. Guelor Mukuka alipoona macho mekundu yote yale yakifikichwa bila mtu wa kuyashughulikia, alijawa na huruma. Na Guelor akimwonea mtu huruma, mtu huyo heri aushike mfuko wake.

Wiki haikwisha, akawa na meza sokoni, koti jeupe, na cheo alichojipa mwenyewe: bingwa wa funza wa macho.

Ugonjwa huo, tusimwonee, upo kweli, ingawa ni wa nadra. Nzi huacha funza jichoni. Jicho likawasha, likatoa machozi, likachukia mwanga, na mgonjwa akahisi kitu kinatambaa. Hospitalini humtia matone ya ganzi, wakamtoa funza kwa koleo dogo. Lakini hospitali wana tabia mbaya ya kuchunguza kwanza. Guelor hakuwa nayo. Alificha funza ndani ya pamba, akafuta jicho la mteja, kisha akamwonyesha mdudu anavyojinyonganyonga. Watu walilipa huku wakimbariki.

Funza wenyewe aliwapata kwenye samaki wa chumvi walioharibika wa Mama Adolphine, muuzaji kutoka Kasenga. Mama huyo alishangaa daktari mzima kununua kila asubuhi samaki ambao hata paka anawakwepa. Hakuuliza. Alimtazama siku tatu, na ya nne akaja kuketi mezani pake.

"Docteur, jicho inaniwasha."

"Mama, uko na dudu mu jicho. Usiogope, mi niko hapa."

Pamba ikapita, funza akatoka. Mama Adolphine akamtazama yule funza, kisha akamtazama Guelor usoni.

"Aksanti, docteur. Na dudu ya kwako, nani atakutolea?"

"Ya kwangu?"

"Jicho ya kushoto. Iko nyekundu, inatoka mayi. Haikuwashi?"

Lilikuwa likimwasha tangu juzi. Mtu anayechambua samaki wa chumvi, kisha akajifuta jasho kwa mkono uleule, jicho litamwacha salama vipi? Hilo Guelor hakulifikiria. Alifikiria nzi wa kijani waliomzonga kila asubuhi alipofungua furushi lake.

"Mi niko muntu ya samaki tangu butoto," mama akasema polepole. "Kule Kasenga niliona bantu babili. Nzi inaacha batoto yake mu jicho, banaingia ndani, banakula. Moja alibakia kipofu. Haya, minaenda."

"Mama, ngoja."

Tapeli huishi kwa macho yake. Asipoona, hamtambui hata askari anayemjia. Guelor akaogopa. Akamsihi mama amtoe huyo dudu. Mama akasita, akaguna, akasema kazi ile si ya bure. Guelor akamwaga mezani mapato yote ya wiki.

Mama Adolphine akalowesha ncha ya kitenge chake, akamfuta jicho, akaiinua juu: funza mnene, mzima. Guelor akalia kwa shukrani. Mchezo huo alikuwa ameucheza sokoni kutwa, lakini hakukumbuka kuukagua mkunjo wa kitenge, ambamo mama alimficha funza tangu nyumbani.

Kesho yake jicho likawa bado linawasha. Kwa kuhofu ndugu za yule funza, akakimbilia zahanati. Muuguzi mmoja, Chanda, akaliosha jicho, akalimulika, akatafuta mpaka chini ya kope.

"Papa, hakuna kitu. Ni chumvi na buchafu. Nani alikuambia iko dudu?"

"Bantu ya ku soko."

"Ku soko ya Ruashi? Kule iko docteur moja mwizi, anaficha dudu ya samaki mu pamba. Ni yeye alikula franga yako?"

Guelor akajifunika jicho kwa kiganja.

"Ni yeye," akasema.

"Yote?"

"Yote."

Chanda akatikisa kichwa. "Na weye, papa, muntu muzima, ulisadiki?"

"Nilisadiki," akajibu Guelor, na hapo hakudanganya.