Kanga Iliyonidondoka Uwanjani

Leo nimejiaibisha kule Soni sokoni, mchana kweupe. Nasimulia mwenyewe kabla Rukia muuza ndizi hajawafikia, maana yule akisimulia hutia chumvi.

Mnamjua mjukuu wangu Salha. Kila alfajiri hushusha karoti zetu kutoka huku juu hadi sokoni, na njia inapita kwenye miti, giza bado halijaisha. Juzi mtu akamvuta kanga kwa nyuma. Salha akaponyoka, karoti zikabaki njiani. Baba yake, Hoza, ambaye ni mkwe wangu, akasema basi. Biashara imekwisha, Jumapili mtoto apelekwe Korogwe kwa shangazi yake akakae ndani. Tangu hapo Salha anakula kama kuku mgonjwa.

Sasa kuna Zuhura, binti wa marehemu Mzee Kaniki. Binti huyu amepitia mafunzo ya mgambo. Anafundisha wanawake kujikinga, kwenye uwanja nyuma ya soko. Salha aliomba ajiunge, arudi kwenye karoti zake akiwa na mbinu. Hoza akasema kurusharusha miguu si staha kwa mtoto wa kike.

Nikamwambia, "Baba, nitakwenda mimi nikaone. Kama hakuna staha, nitasema."

Hakubisha. (Mkwe habishi. Ndiyo raha ya kuwa mama mkwe.) Akasema adhuhuri atapita pale nimpe jibu.

Nikaenda. Nikamkuta Naomi wa Vuga, Mama Shemdoe fundi cherehani, na Rukia mwenyewe, kanga zimefungwa kiunoni vizuri, hakuna aliyekaa uchi. Zuhura ni mdogo wa mwili, ungedhani upepo utambeba. Lakini akisimama, amesimama.

"Shikamoo bibi. Karibu kiti, utazame."

"Marahaba. Mwanangu, hayajaja macho peke yake. Na miguu nimekuja nayo."

Hakunicheka. Akanifundisha polepole kama wengine. Mtu akikushika kwa nyuma, mkanyage kwa kisigino, mpe kiwiko cha tumbo, piga kelele, kimbilia penye watu. Usigeuke kwanza kutazama ni nani. Hilo alilirudia sana: wengi wanaumizwa kwa sababu wanaona haya kumpiga mtu kabla ya kumtambua. Nikajisemea, laiti sisi tungeambiwa haya tukiwa wasichana.

Walikuwa wamefunga kiroba cha pumba kwenye nguzo. Nikakipa kiwiko. Kikapasuka. (Nadhani kilikuwa kimechakaa, lakini sikusema.) Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi kichwa kikavimba.

Zuhura akasema, "Haya bibi, zunguka uwanja kama mtu anayekwenda sokoni. Nitakuja nyuma yako bila kukuambia."

Nikaanza kuzunguka. Masikio yamesimama kama ya sungura. Nimejikaza mpaka kanga ya mabega ikanidondoka na sikujua.

Sasa mnajua kwetu mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana. Hoza hanitaji jina. Hanitazami usoni. Hajawahi kunipa mkono tangu alipomuoa binti yangu Mwanaidi. Ndiye aliyefika wakati huo. Akaona kanga ya mkwewe chini kwenye vumbi. Kuniita hawezi. Kunipita mbele hawezi. Akaiokota, akainamisha uso, akanyata kwa adabu zote, akaniwekea begani.

Nikamkanyaga. Nikampa kiwiko. Nikapiga kelele ambayo nadhani Lushoto mjini waliisikia.

Nikasikia mtu anaanguka kwenye mtaro.

"Malizia, bibi," Rukia akasema. (Alidhani ni mtu aliyeletwa kwa mazoezi.)

Hapo nilitakiwa kukimbia. Mimi nikageuka kumtafuta Zuhura nimsifu kwa kuanguka vizuri. Zuhura alikuwa upande wa pili kabisa wa uwanja, ameshika mdomo. Nikatazama chini. Nikaona kofia kwenye majani. Kofia ile naijua, ameidarizi Mwanaidi.

Kutoka mtaroni ikatoka sauti nyembamba. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo... kidogo."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Kumwinua siwezi, ni mkwe. Kumwacha siwezi, nimemwangusha mimi. Nikasimama nimejifunika uso kwa kanga ileile. Naomi na Zuhura ndio waliomtoa na kumpangusa matope.

Alikaa kwenye kile kiti changu, ameshika tumbo. Akavuta pumzi. Akamuuliza Zuhura, hakuniuliza mimi:

"Mama huyu ameanza lini mafunzo?"

"Leo asubuhi."

 

"Leo asubuhi," akarudia. Akatazama mguu wake. "Na Salha akija, atachukua muda gani?"

"Salha ni kijana, baba. Atanipita haraka," nikasema nikiwa nimeangalia pembeni.

Akatafuta kofia yake, akaikung'uta, akaivaa. "Basi Alhamisi aje. Habari ya Korogwe tuiache."

Nimemtumia pole kupitia kwa Mwanaidi, maana ana kwa ana sithubutu. Yeye amejibu kupitia huyohuyo Mwanaidi kwamba hana neno.

Kwa hiyo wanangu, kesho mkimwona sokoni anachechemea, msicheke. Mpeni pole ya kuteleza. Ndivyo tulivyokubaliana.