Ndama wa Kapsoit Ahesabiwe Katika Ushirikiano wa Kimataifa

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kupima Ushirikiano wa Kimataifa wa Uchumi na Teknolojia,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukiwa na kikombe cha chai mezani, na kwamba chai hiyo ni yetu. Mimi ni Nyathira Thuo, mkulima wa chai na ng'ombe wa maziwa hapa Kapsoit. Pia nauza chakula cha mifugo pale stendi. Nakuandikia kwa unyenyekevu kulalamika kwamba ofisi yako imetupatia alama sifuri katika ushirikiano wa kimataifa.

Sifuri hiyo ilisomwa kwenye baraza la chifu, mbele ya watu. Wenzetu wa Mogogosiek wamepata sitini na moja, kwa hivyo wao ndio watakaopewa tangi la kupozea maziwa ambalo wafadhili waliahidi eneo lenye alama nyingi. Sisi maziwa yetu ya jioni yataendelea kuganda kabla lori halijafika asubuhi. Usidhani basi kwamba nalilia sifa tu.

Lalamiko la kwanza linahusu AI. Kijana wako Antony alikuja kwangu na tableti, nikamkaribisha chai, naye akauliza kwa heshima, "Mama, hapa mnatumia AI?"

"Sana," nikamwambia. "Tangu mama mkwe wangu akiwa hai."

Akafurahi mpaka akasimama. "Na teknolojia yenyewe inatoka nchi gani?"

"Ya hapa Kenya iko, lakini mimi hupendelea ya Uholanzi. Watoto hutoka wakubwa."

Aliandika yote. Kisha akataka kujua hutufikia kwa njia gani, intaneti au setilaiti. Nikamjibu ukweli: huletwa na Omariba, daktari wetu wa mifugo, kwa pikipiki, ndani ya mtungi wa baridi, ng'ombe anapotaka fahali. Hapo Antony akaacha kuandika. Akanieleza kwamba AI yake ni akili bandia ya kompyuta, wala si AI yetu ya kumpandikiza ng'ombe mbegu ya fahali, akafuta kila kitu nikimwona.

Mheshimiwa, ng'ombe wangu Beverly amezaa ndama na fahali wa Uholanzi bila hao wawili kuonana, bila pasipoti, bila hata nauli. Kama huo si ushirikiano wa kimataifa wa kiteknolojia, tuambiwe ni nini. Kompyuta zenu zimezaa nini mpaka leo?

Lalamiko la pili ni chai. Antony aliuliza kama nauza chochote nje ya nchi, nikamwonyesha shamba. Mimi nachuma, kiwanda kinakausha, watu wa Pakistan wanakunywa. Akasema mauzo ya nje huhesabiwa Mombasa, yanapopakiwa melini. Mheshimiwa, Mombasa hakuna hata mche mmoja wa chai! Migongo inauma huku, alama zinachumwa kule.

La tatu si langu, ni la jirani yangu Chepkemboi, lakini yeye hapendi kuandika. Binti yake Nelvine ni muuguzi Ujerumani. Mashine ya Chepkemboi ya kukatakata nyasi ilipokwama, Nelvine alipiga simu ya video na kumpa simu mzee mmoja anayeishi mlango wa pili, fundi mstaafu. Mzee alifoka kwa Kijerumani akionyesha kwa vidole, Chepkemboi akamjibu kwa Kipsigis, mimi nikashika spana. Hakuna aliyeelewa neno, lakini mashine ikanguruma na tukapiga makofi pande zote mbili za dunia. Antony akasema, "Hayo ni mazungumzo ya kifamilia." Familia gani? Mzee huyo hata jina lake hatulijui.

La nne. Nimelifikiria jambo hili nikikamua, nikaona haliwezi kuishia kwenye alama peke yake. Ndama wa Beverly apewe uraia wa nchi mbili. Baba yake aandikiwe kupitia ubalozi, kwa lugha ya upole, aulizwe mbona tangu mtoto azaliwe hajauliza hali. Sidai makubwa; jiwe la chumvi na dawa ya kupe vinatosha. Akinyamaza, suala lipelekwe kwenye mkutano wowote wa kimataifa ulio karibu. Beverly naye aandikishwe kama taasisi yenye uhusiano na nchi za nje, nami niwe msemaji wake. Safari zikitokea, niko tayari. Gumbuti zangu za zizini nitaziacha nyumbani.

Msalimie Antony sana, umwambie akirudi atapata chai hata kama hana alama za kutupa. Msalimie pia askari wa lango lenu, mama anayewapikia chai, na wote wanaotembea na tableti juani.

Ni mimi, mwenye sifuri na heshima zake zote,
Nyathira Thuo,
Kapsoit.

Nyongeza: Naandika haya nyuma ya bahasha kwa sababu nilikuwa nimeshaigundisha. Chepkemboi amepita kuomba kiberiti, nikamsimulia niliyoandika. Amecheka mpaka akashika mlango. Kisha akasema, "Nyathira, Omariba alipomletea Beverly ile mbegu, ilikuwa Jumanne. Fahali wangu alikuwa amevunja ua akaingia kwa Beverly Jumatatu. Nilikuona umefurahi, nikashindwa kukuambia." Nimetoka kumtazama ndama vizuri. Paji la uso ni la fahali wa Chepkemboi, na sasa hivi anatafuna shuka langu kwenye kamba ya nguo, vilevile kama baba yake. Basi ubalozi usisumbuliwe. Mambo ya mahari tutayazungumza sisi wenyewe Jumamosi, na Antony amealikwa. Tangi, hata hivyo, bado tunalitaka, na gundi ya bahasha hii imeandikwa kwamba inatoka China. Alama zetu zianzie hapo.