Paka wa Picha Kumi na Moja

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mtaa wa Tenter, mjini Oldham, Uingereza. Clive Ormerod mwenyewe angekwambia siku hiyo ndipo mambo yalipoanza kumnyookea. Lakini usimsikilize. Wakati huo alikuwa kalala kifudifudi njiani, suti imelowa matope.

Alikuwa amejikwaa kwenye waya. Waya ulitoka dirishani mwa nyumba namba moja, ukakatiza njia ya waenda kwa miguu, ukaingia kwenye kigari kidogo cha umeme chenye rangi ya kijivu. Juu ya waya palikuwa na zulia kuukuu, na juu ya zulia palilala paka mnene wa rangi ya chungwa, ambaye hakujishughulisha hata kufungua jicho.

"Umeumia, mpenzi?" mwanamke aliuliza kutoka mlangoni. Kule kila mtu ni mpenzi, hata askari wa kukutoza faini.

"Ni suti tu, dada," Clive akasema, akijifuta. "Lakini halmashauri wakiuona waya huu watakukaba koo."

"Wameshauona." Akatoa karatasi mfukoni. "Wamenipa mpaka mwisho wa Novemba niutoe."

Mwanamke huyo alikuwa Lorraine Entwistle. Kazi yake ni kuzunguka majumbani kuwaogesha na kuwalisha wagonjwa wasiojiweza, watu tisa kwa siku, nao hawafikiki kwa miguu. Gari lisipochajiwa, kazi hana. Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku ya kufunga chaja nyumbani, na yeye ua wa kuegesha gari ubavuni mwa nyumba anao, ila waya wa dirishani haufiki huko. Basi aliomba mara tatu. Mara tatu wakamjibu kwamba, ili apewe ruzuku ya kufungia chaja, kwanza atume picha ya chaja iliyokwisha kufungwa ukutani, taa ya kijani ikiwaka.

"Yaani ukishapata ndipo wakusaidie kupata," Clive akasema.

"Nimewaandikia hivyo hivyo. Wakanishukuru kwa maoni yangu."

Sheria hiyo ilitungwa na watu wenye mshahara, waliokaa chumba chenye joto wakinywa chai. Ingekuwa ni mafundi wawili walevi ndio walioitunga, tungesema ni pombe.

Clive aliisoma fomu mara mbili. Wengine wakisoma fomu huumwa kichwa. Yeye huona njaa. Fomu ilitaka picha ya chaja ukutani na namba ya nyumba ionekane. Hakuna palipoandikwa kwamba afisa atakuja kutazama. Hakuna palipoandikwa kwamba lazima uwe na gari.

Akainua macho akautazama mtaa. Nyumba zimebanana safu moja, matofali yaleyale mekundu, madirisha yaleyale, tofauti yake rangi ya mlango tu. Na nje ya kila nyumba, pipa la taka la magurudumu lenye namba ya nyumba iliyopakwa rangi nyeupe, kubwa kama ya farasi wa mashindano, maana kule watu wanaweza kuibiana mume lakini si pipa.

"Dada Lorraine," akasema taratibu, "hii chaja wewe utaipata. Mimi naomba ukuta wako kwa asubuhi moja tu."

Akamweleza. Chaja moja, ukuta mmoja. Majirani kumi waje na mapipa yao, kila pipa lisimame chini ya chaja, lipigwe picha. Ruzuku ikitoka, nusu yao, nusu yake. Na kopo tupu la plastiki lenye umbo la chaja lingetosha kabisa.

"Kopo halitoshi," Lorraine akasema. "Wanataka taa iwake. Na mimi taa naijua, haiwaki mpaka umeme upite kuingia kwenye gari."

"Tutabandika karatasi ya kijani."

"Basi kabandike kwenye ukuta wa mama yako."

Clive akakuna kidevu. Ukuta wa ubavuni, uliojificha kwa watu wa barabarani, ulikuwa huo tu.

"Ya kweli, basi," akasema.

"Na fundi mwenye leseni. Na cheti chenye jina langu."

"Cheti cha nini?"

"Nyumba ikiungua, utakuja kuizima wewe?"

Akakubali. Alikuwa ameweka akiba ya kwenda Tenerife kuota jua msimu wa baridi; Tenerife yote ikapigiliwa ukutani kwa Lorraine kwa misumari minne.

Majirani hawakuhitaji kubembelezwa. Wa kwanza alikuwa Bwana Gerald Hoyle wa namba saba, mkaguzi mstaafu wa mabasi. Hana gari, leseni aliirudisha macho yalipofifia.

"Mimi ni mtu wa sheria," alimwambia Clive. "Sijawahi kudanganya maisha yangu yote. Pipa nilete saa ngapi?"

Jumatatu asubuhi mapipa yalipanga foleni uani kwa Lorraine kama wagonjwa hospitalini, na kwa kuwa ni Uingereza, hata mapipa hayakurukana zamu. Clive aliinama na kamera.

"Namba tano, sogea. Mama, shusha huo mfuniko, maganda ya viazi yanaonekana. Namba saba!"

Paka wa rangi ya chungwa alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha dirisha, kando kabisa ya chaja. Clive akamfukuza. Akarudi. Akamfukuza tena. Akarudi, akajikunja, akaitazama kamera kama mbunge.

"Muache," Lorraine akasema. "Kisahani chake cha samaki kiko hapo."

"Si ukiondoe?"

"Ukimnyima atalia mtaa mzima usikie. Una muda wa kelele?"

Clive hakuwa nao. Na tangu lini afisa akatazama paka? Watu wale hawakuona barua tatu za mwanamke anayelia. Akapiga picha kumi za majirani, akazituma. Ya kumi na moja, ya namba moja, Lorraine aliipiga mwenyewe na kuituma mwenyewe, siku nne kabla yao.

Tarehe kumi na nane Novemba barua zilifika. Ya Lorraine ilisema ombi limekubaliwa, ahsante kwa kujali mazingira. Zile kumi zilikuwa na swali moja. Yaelekea mle ofisini kuna karani anayependa paka. Barua ya binadamu haisomi, lakini paka mmoja kwenye picha kumi na moja alimwona, akamzungushia kalamu nyekundu. *Malipo yamesimamishwa. Tafadhali eleza paka huyu ni wa nyumba ipi.*

Clive alikuta majirani wamesimama katikati ya barabara.

"Semeni ni wa kwenu," akawanong'oneza. "Paka anatembea, jamani."

"Huyu ni wangu kweli," Gerald akasema. "Jenerali. Nampa maini kila asubuhi."

"Jenerali gani?" mama wa namba tano akamgeukia. "Huyo ni Pumpkin. Analala kitandani kwangu miaka minne."

"Kwangu anaitwa Trevor," sauti ikatoka nyuma.

Ikawa vita. Kumbe mnyama yule alikuwa na majina kumi na chakula cha asubuhi mara kumi, na kila nyumba ikidhani imemwokoa peke yake. Ruzuku ikasahaulika, watu wakawa wanaitana wezi wa paka.

Clive akaona heri aokoe anachoweza. Akaingia uani na bisibisi.

"Ukiigusa napiga simu polisi," Lorraine akasema. Alikuwa tayari kwenye gari, sare imeshavaliwa, taa ya kijani inawaka.

"Ni mali yangu, dada. Risiti ninayo."

"Waonyeshe. Wakikuuliza ulinunua moja kwa nini na ukatuma picha kumi, utajibu vizuri. Una mdomo mzuri."

Clive akatazama bisibisi, kisha akamtazama yeye.

"Na kile kisahani? Ulikiweka makusudi?"

"Paka nilimkuta hapo. Samaki ndio niliomwongezea." Akachomoa waya wa chaja, akauning'iniza vizuri ukutani. "Sogea, mpenzi, mgonjwa wangu hajaoga."

Clive aliondoka Oldham kwa basi, na Gerald anasema hata nauli alibishania. Wiki iliyofuata afisa alikuja, kijana mwenye miwani, akiwa na kile kifaa cha kusoma kipande cha utambulisho chini ya ngozi ya mnyama. Akapitisha shingoni kwa paka. Kimya. Akapitisha tena. Hakuna kitu.

Kule, kumfuga paka bila kumwekea kile kipande ni faini. Afisa akaeleza hivyo kwa sauti, akafungua daftari, akawatazama watu kumi waliokuwa wamejibu barua na kuapa kwa maandishi kwamba paka ni wao.

Gerald akainama kufunga kamba ya kiatu. Mama wa namba tano akakumbuka birika jikoni. Paka akapita katikati yao, akapanda juu ya boneti ya gari la Lorraine lililokuwa bado na joto, akalala.

"Basi niambieni," afisa akasema, kalamu mkononi, "huyu paka ni wa nani?"