Sabuni Auza cha Bure

Sabuni hakualikwa kwenye harusi ile, lakini alikaa meza ya mbele na alikuwa ameshamaliza sahani ya pili. Ndugu wa bibi arusi walidhani ametoka kwa bwana arusi. Ndugu wa bwana arusi walimwona amekaa mbele na tai shingoni, wakadhani ni mtu mzito. Jina la Sabuni alipewa na mji wenyewe, kwa sababu alikuwa anateleza, na kila alikopita aliacha watu macho yanawawasha.

Mshereheshaji akatangaza ujumbe wa video kutoka kwa babu wa bibi arusi, aliyekuwa mbali na hakuweza kusafiri. Taa zikapunguzwa. Babu akatokea ukutani, mkubwa kama nyumba, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Midomo ikacheza, kidole kikaonya, machozi yakamlenga mzee wa watu, na ukumbi mzima ukamtazama kama samaki ndani ya chupa. Mwendesha mitambo akafunga, akafungua tena. Safari hii sauti ikaja, babu hakuja. Ukuta mweusi ukawa unatoa nasaha za ndoa. Alipojaribu tena, kompyuta ikaandika kwamba faili hili haiwezi kulicheza, ikajizima bila kumwomba mtu ruhusa.

Bibi arusi akalia. Mwenye ukumbi akasimama mlangoni ameuma midomo. Alikuwa mama mjane mwenye kumbi tatu na miwani ya mnyororo, na mji mzima ulimwita Bi Kumbi. Kumbi za washindani wake hazikuwa mbali, na wageni wale wote walikuwa na ndimi.

Wengine waliona aibu tu. Sabuni aliona riziki.

"Pole sana, Mama," alisema, akimsogelea kwa unyenyekevu wa mtu anayefuata jeneza. "Mashine yako ni nzima kabisa. Kinachokusumbua ni hiyo programu ya kuchezea video. Ni kama mtoto aliyedekezwa, inachagua chakula."

"Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Mimi ndiye niliyetengeneza isiyochagua. Inaitwa Malkia."

Jina hilo lilikuwa bado la moto, limetoka mdomoni sasa hivi. Lakini tumtendee haki: programu yenyewe ilikuwepo. Sabuni aliiona kwa binamu yake, fundi wa kompyuta. Inacheza faili la aina yoyote, na imetengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, wanaoitoa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, anayetaka aichukue, aibadilishe, ampe na jirani. Neno "bure" lilikuwa limemkaa Sabuni moyoni kama mwiba. Iweje kitu kizuri namna ile kitolewe bure, na yeye yupo hai?

Bi Kumbi alimtazama juu ya miwani. "Nikiinunua mimi, wengine hawataipata?"

"Wewe peke yako, Mama."

"Na nikitaka kuwakodisha wengine?"

"Ng'ombe ni wako. Maziwa utamuuzia umtakaye."

Macho ya mama yakang'aa, na Sabuni akajua kamba imeingia shingoni. Bei hakuitaja kwa fedha. Uani, nyuma ya ukumbi, alikuwa ameona gari la marehemu mume wa Bi Kumbi limefunikwa turubai, na alilipenda papo hapo. Alilihitaji pia. Dada yake alikuwa amemfukuza nyumbani kwa mara ya mwisho, baada ya mara nyingi nyingine za mwisho, na mji ulianza kumbana. Kulikuwa na fundi cherehani ambaye Sabuni alimuuzia kiwanja ambacho wenyewe walikiita uwanja wa mpira. Kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye alimuuzia dawa ya kuotesha nywele, na kichwa cha mwalimu kilikuwa bado kinasubiri. Kwa gari angehamia mji ambao hakuna anayemjua, akaanze maisha mapya ya zamani.

"Gari utapata," alisema Bi Kumbi. "Ila nataka kuiona programu ikitengenezwa, kwa macho yangu. Marehemu aliwahi kuninunulia kabati limeshapakwa rangi, kumbe ndani limejaa mchwa. Tangu hapo sinunui kitu ambacho sijakiona kikiwa mbao."

Hapo hesabu za Sabuni zilivurugika. Mpango wake ulikuwa kuichukua programu ikiwa tayari, aibandike jina jipya na nembo mpya, kazi ya mchana mmoja. Sasa ilibidi aijenge.

Akaenda kwa binamu, ambaye ndiye aliyekuwa anamlaza kwenye benchi la karakana yake.

"Nifundishe kuijenga."

Binamu aliweka chini bisibisi. "Wewe? Kujifunza? Unaumwa?"

"Acha utani, binamu. Kuijenga maana yake nini?"

"Maana yake unachukua yale maandishi ya ndani, anayoweza kuyasoma mtu, unaiamuru kompyuta iyageuze yawe programu inayokwenda. Basi. Hata kuuza si kosa. Lakini ukimpa mtu, umpe na maandishi yake, na usimdanganye kwamba ni yake peke yake. Leseni ndivyo inavyosema."

"Leseni ya kipumbavu," alisema Sabuni, akavuta kiti.

Akaandika amri ya kwanza. Kompyuta ikakataa: inakosekana maktaba ya sauti, yaani kifurushi cha kazi ambazo wengine walishaziandika. Akaileta. Maktaba ya sauti ikasema haiwezi kukaa bila maktaba ya picha. Akaileta nayo. Ya picha ikadai ya maandishi, na ya maandishi ikadai moja ambayo hata binamu hakuwahi kuisikia. Ilikuwa kama kumwalika shangazi mmoja, naye akaja na ukoo mzima na mizigo yao. Mtu ambaye maishani hakuwahi kushika kazi hadi jioni alikaa pale siku baada ya siku, macho mekundu, akitoa jasho ili asije akafanya kazi.

Hatimaye ujenzi ukaisha. Akaifungua programu, akaipa video ya mtoto wa binamu akijifunza kutembea. Sauti ikatoka, dirisha likabaki jeusi. Akarudi kwenye mipangilio, akakuta sehemu ya kutolea picha aliizima mwenyewe. Akajenga tena. Mtoto akatokea, akapiga hatua, akaanguka, akacheka, na kicheko kikatoka pale pale mdomo ulipofunguka.

Sabuni alisikia kitu kinamjaa kifuani. Kwa kuwa hakukifahamu, alidhani ni gesi.

Siku ya maonyesho Bi Kumbi aliketi ofisini kwake na kikombe cha chai, akitazama mistari ya herufi ikiporomoka kwenye kioo kama mvua.

"Hizo zinasema nini, mwanangu?"

"Zinajisuka, Mama. Kila mstari ni uzi."

"Na hizo za njano?"

"Maonyo. Hakuna mzazi asiyeonya kabla mtoto hajatoka nyumbani."

"Na hiyo nyekundu?"

Mistari ilikuwa imesimama. Sabuni akatabasamu kwa meno yote. "Hiyo… hapo mashine imeomba kupumzika kidogo." Akasoma ile nyekundu mara ya pili. Kumbe lile shangazi la maandishi halikuwamo kwenye kompyuta ya ofisi. Akaliingiza mwenyewe, bila kumpigia binamu simu, akaamuru tena. Mvua ikaendelea, ikakatika, na kwenye kioo pakawa na dirisha limeandikwa Malkia.

Bi Kumbi akaleta video ya babu. Babu akasema yote: mvumiliane, msilale na hasira, na mje mnitembelee. Mama akavua miwani, akaifuta.

"Nimeipenda," alisema. "Gari lako liko pale. Ila nibadilishie kitu kidogo. Wageni wanapongoja, yaonekane majina ya maharusi."

Kitu kidogo kilimla Sabuni wiki. Kisha mwendesha mitambo, mzee asiyeona vizuri, akahitaji vitufe vikubwa. Kisha ikagundulika kwamba video ikisimamishwa na kuendelea, sauti inabaki nyuma ya mdomo, na maharusi wakaonekana wanakula kiapo baada ya kufunga midomo. Hilo lilimshinda. Akaandika kwa wale watu wa kujitolea, kwa jina la uongo bila shaka, akieleza tatizo. Wakamjibu. Mmoja akamwonyesha pa kutazama, mwingine akamsahihishia kosa lake, na wote wakamshukuru kwa kuwaambia. Hakuna aliyemwomba chochote. Sabuni hakuwahi kuogopa watu kama alivyowaogopa hao. Alikesha akijiuliza wanakula wapi.

Marekebisho yake walipoyapokea, akavimba kichwa. Na hapo ndipo mjanja wetu, aliyeishi mjini miaka yote bila kuacha hata kivuli chake mahali, alipofanya jambo la kijinga kuliko yote. Akapiga picha, tai shingoni, mkono kidevuni kama mwanafalsafa, akaiweka kwenye dirisha la kwanza la Malkia. Kila aliyeifungua alimwona yeye kwanza.

"Umependeza," alisema Bi Kumbi. "Sana."

Siku ya gari ilifika. Bi Kumbi alimwita ofisini mchana, akamwekea ufunguo mezani, akauzuia kwa kidole.

"Kabla hujaondoka, mwanangu. Siku ile ya maonyesho ulipokwenda kunawa, nilibonyeza pale palipoandikwa Kuhusu Programu. Jina ulibadilisha, nembo ulibadilisha, lakini pale hukupagusa. Nilisoma yote. Kwamba ni ya bure. Kwamba ni ya kila mtu."

Sabuni alifungua mdomo, na kama babu wa siku ile, hakikutoka kitu.

"Mafundi wa kweli walinitajia gharama hadi nikaona kizunguzungu," aliendelea mama. "Wewe umenifanyia majina, vitufe, na ile sauti, kwa ahadi ya gari. Ulidhani nimejenga kumbi tatu kwa kufumba macho?"

"Mama, mimi…"

"Sijamaliza. Nimeigawa. Hoteli, saluni, kumbi za wale washindani, hata chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Na maandishi yake nimewapa, kama leseni inavyotaka. Mimi ni mtu wa sheria. Wananilipa ada ya matengenezo tu. Fundi ninaye, picha yake wanaiona kila wakiifungua."

Akaondoa kidole kwenye ufunguo. Sabuni alikuwa ameanza kuhesabu sehemu ambako sura yake imetundikwa, akaacha, kwa sababu getini zilisikika sauti.

"Yuko humu! Nimemwona kwenye harusi ya binti yangu, ukuta mzima!" Huyo alikuwa fundi cherehani.

"Mimi nilimwona nikiwa nang'olewa jino," alidakia mwalimu mstaafu. "Nikasahau maumivu."

"Mama yangu," Sabuni alinong'ona, "niokoe."

"Ahadi ni deni. Chukua gari lako. Lango la nyuma nitakufungulia mwenyewe."

Akateremka uani mbio, akavuta turubai, akaingia, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikaitika. Alipotazama mbele, Bi Kumbi alikuwa kweli anafungua lango, na barabara ilionekana imenyooka, tupu, tamu. Akakanyaga klachi.

"Fundi! Fundi!" Mwendesha mitambo alikuwa anakuja mbio, mikono kichwani. "Malkia imekufa! Picha ipo, sauti hakuna! Ukumbi umejaa, bibi arusi ameanza kulia!"

"Si yangu," alisema Sabuni. "Mimi nasafiri."

"Wageni wanasema ni programu ya kitapeli."

Mtu mwenye akili angeondoka. Sabuni mwenyewe, miezi michache nyuma, angekuwa ameshapita kona. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafungua mlango, na mdomo wake ulikuwa unafoka: "Nani kasema ya kitapeli? Mmegusa nini? Hebu nipisheni!"

Aliingia ukumbini kwa mlango wa pembeni, akapiga magoti kwenye mitambo, akaangalia mipangilio. Sawa. Sauti ya programu, sawa. Sauti ya kompyuta, sawa. Akapitisha mkono nyuma ya meza, akakuta waya wa spika unaning'inia. Ulikuwa umechomolewa, na ncha yake imewekwa taratibu juu ya kiti, mahali pa kuonekana. Nyaya za spika hazina tabia hiyo.

Nje injini ya gari ilizimika.

Bi Kumbi akatokea kwenye mlango wa pembeni, ufunguo ukimning'inia kidoleni, akaegemea fremu kama mtu aliyekuja kupunga upepo. Kwenye mlango mkubwa walisimama fundi cherehani na futi yake shingoni, na mwalimu mstaafu, kofia mkononi, kichwa kikiakisi mwanga wa projekta. Mwalimu aliinua kidole, akamwonyesha kiti kitupu katikati yao.

Wageni wote walikuwa wamegeuka wanamtazama. Ukutani, mama wa bwana arusi alikuwa anaongea bila sauti.

Sabuni akauchomeka waya. Sauti ikajaa ukumbi, safi, imekaa sawasawa na midomo. Bibi arusi akafuta machozi, akacheka, na watu wakaanza kumpigia makofi, wale wawili wa mlangoni pia, pole pole, bila kutabasamu. Na kilichomuuma Sabuni kuliko gari, kuliko Bi Kumbi, kuliko yote yaliyokuwa yanamsubiri kwenye kile kiti, ni kwamba alikuwa amefurahi.